Nyumba ya mogeji sio kihamba

Mama yuko Uru, Moshi, kila nikimpigia lazima aulize "nyumba yenu huko imefikia wapi?" maana kwake nyumba ni kitu kinachojengwa, mwaka huu msingi, mwakani ukuta, bati mpaka Mungu ajalie. Nimemweleza sana kwamba ya huku Houston tuliikuta imeisha kila kitu, ila ni ya mogeji, yaani mkopo wa benki wa kununulia nyumba, tunaulipa miaka 30. Siku moja akaniuliza, sasa mwanangu hiyo ni yako au ya benki? Nikacheka, afu nikanyamaza.

Tulinunua 2019, riba haibadiliki, nikajua nimemaliza. Kumbe kodi ya nyumba na bima zinakaa humohumo kwenye rejesho, wanaita eskro, na hizo zinaweza kupanda hata kama riba imekaa palepale, na Texas kodi ya nyumba ni kali kwa vile jimbo halikati kodi ya mshahara. Tulianza na dola 1,640 kwa mwezi, miaka minne baadaye 2,215, na mwaka huohuo mke wangu akapunguziwa shifti. Tukaruka mwezi, tukaruka wa pili, wa tatu.

Sasa hapa naongea na watu wa Moshi na Arusha hasa, sisi tukiishiwa hatusemi. Barua za benki nilikuwa nazisukumia kwenye droo ya vijiko hata sizifungui, simu ikiita namba siijui nazima. Kichwani nilikuwa na picha ya nyumbani, dalali na spika juu ya gari, ukuta umeandikwa kwa rangi nyekundu, mtaa mzima wanajua.

Kumbe huku kujificha ndo kunakumaliza. Sheria inasema kwa kawaida hawaanzi kukunyang'anya nyumba mpaka uchelewe zaidi ya siku 120, hizo ni siku za kuongea, mi nilizitumia karibu zote kuzima simu. Dada mmoja wa kanisani ndo akanipeleka kwa mshauri aliyeidhinishwa na HUD, wizara yao ya nyumba, bure kabisa (anayekuomba hela kwanza ndo akuokoe, huyo ni tapeli, mkimbie). Yule mshauri akamwaga barua zangu mezani, akazipanga kwa tarehe, akaniuliza swali moja tu: mnataka kubaki au mnataka kuondoka?

Kubaki, unaomba wakusimamishie marejesho miezi kadhaa, deni halifutwi lakini unapumua, au wapange upya mkopo, waongeze miaka rejesho lishuke. Kuna na kufilisika kwa Chapter 13, mnada unasimama unalipa malimbikizo miaka 3 mpaka 5, ila hapo tafuta wakili. Kuondoka, unauza mwenyewe mapema, au kama deni limezidi bei unaiomba benki ikubali pungufu, au unawakabidhi hati muachane. Ukilala, Texas wanapiga mnada Jumanne ya kwanza ya mwezi na mara nyingi hata kwa hakimu hawapiti.

Tukauza. Shemeji akanipigia kwa hasira eti unauzaje kihamba, shamba la ukoo? Jamani, kihamba kina kaburi la babu na migomba na kahawa, hii ina gereji ya magari mawili na kamati ya mtaa inayokuandikia barua kisa majani yamerefuka! Bei zilikuwa zimepanda, tukalipa deni lote tukabaki na chochote kitu.

Ila na nyie mnaosema nyumbani raha hakuna mogeji, punguzeni. Nyumbani riba ya mkopo wa nyumba ni balaa ndo maana watu wanajenga kwa vikoba huku wamepanga Pasua, Moshi, miaka 15, hiyo kodi haihesabiwi? Na hati zinawekwa rehani kwa mikopo ya biashara kila siku. Sheria ya Ardhi ya Tanzania inakupa notisi ya siku 60 ukishindwa kulipa na inataka ridhaa ya mwenzi kwa nyumba ya familia, lakini kuna jamaa yetu wa Njiro, Arusha, mkewe alijua kuna mkopo siku alipokuta watu wanapima geti.

Sasa hivi tumepanga apatimenti, vyumba viwili, na hela iliyobaki imeenda Uru, mwezi wa tisa tumefunga lenta. Juzi mama kauliza tena ya Houston imefikia wapi. Nikamwambia inaendelea.