Redio na mama mkulima: kipindi kinarushwa saa ngapi?

Wapo wanaoamini kwamba kumhamasisha mwanamke alime kwa njia ya redio na televisheni ni kupoteza muda, na hoja yao si nyepesi. Mama wa kijijini ameshika jembe tangu utotoni. Anachokosa ni ardhi, mtaji na bei ya maana, na hakuna kipindi kinachogawa ekari. Hapa Tanzania, tamko la sheria za kimila la 1963 liliandika kwamba mjane hana fungu la urithi marehemu akiacha jamaa wa ukoo wake, na desturi hiyo ingali hai.

Nawakubalia. Ila Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kumiliki ardhi. Nani amemwambia? Wakili hafiki kule. Redio inafika.

Tena tumesahau ilivyowahi kufanya kazi. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu walikaa kwa vikundi wiki 12, wakasikiliza kipindi, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, wakakubaliana la kufanya. Walishiriki watu wazima takriban milioni 2. Hesabu hii hainitoki kichwani: sensa ya 1967 ilikuwa imekuta nchi ina watu milioni 12 na ushee, watoto wachanga wakiwemo! Na vyoo vilichimbwa kweli. Mwaka 1975 mtindo uleule ukatumika kwenye chakula, kwa kampeni ya Chakula ni Uhai. Nguvu ilikuwa kwenye kukaa pamoja. Mama akisikia jambo peke yake, anarudi nyumbani na maneno tu; wakisikia ishirini, wanarudi na azimio, na mume mmoja hawezi kulizima.

Televisheni nayo ina lake. Shindano la Mama Shujaa wa Chakula, lililoanzishwa na shirika la misaada la Oxfam mwaka 2011 na baadaye kuingia katika kipindi cha televisheni cha Maisha Plus, lilimwonyesha mkulima mwanamke akiheshimiwa mbele ya taifa zima. Binti akiona hivyo, kilimo hakimwii tena kama adhabu ya aliyefeli shule. Lakini mshindi ni mmoja, na umeme haujafika kila kitongoji.

Kinachoniuma zaidi ni saa. Shangazi yangu alikuwa na redio ndogo iliyoning'inia kwenye msumari karibu na mlango. Betri zikichoka alizianika juani kwenye ungo. Kipindi cha kilimo kilikuja saa moja na nusu jioni, wakati anasonga ugali, na redio ilikwishaondoka na mumewe kwenda kijiweni. Usiku mume alimsimulia vipande vipande: wamesema mbolea ya kupandia ipimwe kwa kifuniko cha soda. Kimoja au viwili kwa shimo? Hakukumbuka. Na aliyekuwa anapanda ni shangazi.

Basi kabla ya kuamua kwamba redio imeshindwa, vituo virushe vipindi hivi saa nane mchana, akina mama wanapopukuchua mahindi, na kuvirudia Jumapili baada ya ibada. Vikundi vya kuweka na kukopa viko karibu kila kijiji. Vipewe redio yao wenyewe, na namba ya kubipu ili mtangazaji awapigie, wao ndio waulize.