Norilsk: mji uliozaliwa katikati ya mgomo

Tarehe 15 Julai 1953 serikali ya Moscow ilitoa amri ya kuupandisha Norilsk hadhi, kutoka makazi ya wafanyakazi hadi mji kamili. Siku hiyo, nyuma ya seng'enge za mji huohuo, wafungwa wa kitengo cha tatu cha Gorlag, kambi maalumu ya wafungwa wa kisiasa, walikuwa kwenye mgomo. Walipandisha bendera nyeusi yenye mstari mwekundu. Walitengeneza vishada, wakavirusha na upepo ili vidondoshe karatasi kwenye mitaa ya watu huru, wapate kujua wanadai nini: saa za kazi zipunguzwe, namba zitolewe kwenye nguo zao, milango ya mabanda isifungwe kwa kufuli usiku, waruhusiwe kuwaandikia ndugu zao barua, kesi zao zisikilizwe upya. Tarehe 4 Agosti askari waliingia kambini wakipiga risasi, na mgomo ukaisha.

Mpaka leo Norilsk huadhimisha siku yake ya kuzaliwa mwezi Julai. Sidhani kwamba waliopanga sherehe hiyo walikuwa na nia mbaya. Lakini ukizijua tarehe hizi mbili kwa pamoja, ule ubishi wa siku nyingi kuhusu mji huu, kwamba ulistahili gharama yake au haukustahili, huwezi tena kuuzungumza juu juu.

Norilsk uko kaskazini mwa Siberia, yapata kilomita 300 juu ya Mstari wa Aktiki. Hakuna barabara wala reli inayouunganisha na sehemu nyingine ya Urusi. Unafika kwa ndege, au kwa meli hadi bandari ya Dudinka kwenye mto Yenisei, kisha unamalizia nchi kavu. Wenyeji wakisafiri kwenda Moscow au Krasnoyarsk husema wanakwenda bara, kama asemavyo Mzanzibari anayepanda boti kwenda Dar es Salaam, ingawa wao hawakai kisiwani. Majira ya baridi jua halichomozi kwa wiki sita, na baridi hufika nyuzi 50 chini ya sifuri. Ardhi imeganda mwaka mzima. Chini ya ardhi hiyo kuna nikeli, shaba, kobalti na paladiamu kwa wingi ambao sehemu chache sana duniani zinaweza kuufikia.

Aliyeyaonyesha madini hayo kwa taifa ni mwanajiolojia Nikolai Urvantsev, ambaye mwaka 1921 alijenga kwa magogo nyumba ya kwanza ya Norilsk. Tarehe 23 Juni 1935 serikali iliamua kujenga kombinati ya nikeli, yaani migodi na viwanda chini ya uongozi mmoja, mahali hapo, na kazi ikakabidhiwa NKVD, yaani polisi wa siri waliokuwa na makambi ya wafungwa. Kiangazi hichohicho wafungwa wa kwanza waliletwa kwa majahazi ya mtoni wakashushwa Dudinka. Kambi iliitwa Norillag, ikadumu hadi 1956. Watu wanaokadiriwa kufika 400,000 walipita humo, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 ilikuwa na wafungwa zaidi ya 70,000 kwa wakati mmoja. Kiswahili kina neno la kazi ya namna hii, na hatukulitoa vitabuni: shokoa. Mwaka 1938 Urvantsev mwenyewe alikamatwa, na akarudi Norilsk akiwa mfungwa, kulitumikia jiwe alilolivumbua.

Wanaoutetea mradi ule wana hoja inayostahili kusikilizwa ilivyo. Wanasema: nchi ilikuwa changa, maskini, na imezungukwa na maadui. Chuma cha vifaru hakiwi kigumu bila nikeli. Mahali penyewe hapakuwa na bandari, reli, mkaa uliochimbwa wala paa la kulalia, na hakuna mtu ambaye angejitolea kwenda huko na familia yake. Kisha vita ikaja. Mwaka 1941 Wajerumani waliposogea, kiwanda cha nikeli cha Monchegorsk, karibu na mpaka wa Ufini, kililazimika kuhamishwa, na sehemu ya mitambo na mafundi wake ikapelekwa Norilsk. Tarehe 29 Aprili 1942 Norilsk ilitoa nikeli yake safi ya kwanza. Kwa watetezi, hapo ubishi umekwisha: bila Norillag hakuna nikeli, na bila nikeli vita inakuwa nyingine.

Mimi siichukulii hoja hiyo kwa wepesi. Waliokufa vitani nao walikuwa watu, na nikeli ilihitajika kweli. Lakini hoja hiyo inayafunga mambo mawili kwa kamba moja. Jiwe lilihitaji watu wa kulichimba. Halikuhitaji wafungwa. Katika Sudbury, jimbo la Ontario, Kanada imechimba nikeli tangu karne ya 19 kwa watu wanaolipwa mshahara. Mtetezi atanijibu kwamba Sudbury ilikuwa na reli na Norilsk haikuwa nayo, na hapo amesema kweli. Ila reli ya Dudinka hadi Norilsk, yenye urefu wa kilomita 114, ni kazi ambayo dola inayotawala sehemu ya sita ya nchi kavu ya dunia ingeweza kuilipia. Iliamua kutoilipia kwa sababu ilikuwa na watu ambao haikulazimika kuwalipa. Wengi wao hawakuwahi kutenda kosa lolote. Mwalimu aliyechongewa na jirani hakugeuka mhalifu kwa sababu nchi ilihitaji nikeli.

Hata ukiweka haki pembeni na kuhesabu faida peke yake, shokoa haikuwa rahisi kama inavyodhaniwa. Kambini posho ilipimwa kwa kazi: asiyetimiza kiwango hupunguziwa mkate, anadhoofika, kesho anafanya kazi kidogo zaidi, anapunguziwa tena. Huo ni mtindo wa kuua mfanyakazi, na mfu hachimbi. Dola yenyewe ilikuja kuliona hilo. Mwaka 1950 wafungwa wa makambi walianza kulipwa ujira mdogo, kwa sababu njaa na mnyapara havikuweza tena kuzalisha kilichotakiwa. Na kuna ushahidi mwingine unaolala kwenye tundra hadi leo. Kati ya 1947 na 1953 maelfu ya wafungwa walijengeshwa reli kutoka Salekhard kwenda Igarka, huko huko kaskazini. Stalin alipofariki Machi 1953 mradi uliachwa ukiwa haujakamilika. Mabehewa na vichwa vya treni vimekaa pale vikila kutu, na mataruma yamepindika juu ya ardhi inayoganda na kuyeyuka. Ambapo kazi haina bei, hakuna anayeulizwa kama inahitajika.

Kuna hoja nyingine ya watetezi ambayo huniumiza zaidi, kwa sababu imejengwa juu ya jambo la kweli. Wanasema kambi iliwaokoa wataalamu na kuwapa kazi ya maana. Ni kweli kwamba Norilsk ilijaa vichwa vya ajabu. Mwanafalaki Nikolai Kozyrev alikuwa mfungwa huko. Lev Gumilev, mtoto wa mshairi Anna Akhmatova, alikuwa huko. Wasanifu wawili wa Kiarmenia, Gevorg Kochar na Mikael Mazmanyan, walichora mitaa ya mji wakiwa kifungoni. Mikhail Kim, mhandisi mwenye asili ya Korea aliyepita kambini, ndiye aliyeongoza njia ya kujenga magorofa juu ya nguzo zilizozamishwa katika ardhi iliyoganda. Ukitazama chini ya jengo la Norilsk utaona uwazi: upepo wa baridi unapita kati ya ardhi na sakafu, ili joto la wakazi lisiyeyushe kile kinachowabeba. Ni kazi ya akili kubwa, na mwaka 1966 Kim alipewa Tuzo ya Lenin kwa ajili yake. Lakini nani alimwokoa nani? Urvantsev alikuwa akiitumikia nchi hiyohiyo, madini hayohayo, kabla hajavikwa nguo za mfungwa. Kambi haikumwongezea maarifa hata chembe.

Jibu zito zaidi limo katika historia ya mji wenyewe baada ya 1956. Makambi yalipofungwa, Norilsk haikufa. Walikuja vijana wa Komsomol, umoja wa vijana wa chama cha Kikomunisti, kutoka Moscow na Leningrad, wakafuatwa na watu waliovutwa na mshahara wenye nyongeza ya kaskazini, likizo ndefu na ahadi ya nyumba. Mwaka 1960 yaligunduliwa machimbo makubwa ya Talnakh, ng'ambo ya mto, na miaka mitano baadaye yale ya Oktyabrsky. Utajiri unaochimbwa leo unatoka zaidi huko, katika migodi iliyofunguliwa na watu wa mshahara. Wale ambao ilisemwa kwamba hawangekwenda, walikwenda.

Hapa lazima niwe mkweli kwa upande wangu pia. Wachimbaji wa Talnakh walitumia bandari, reli na umeme vilivyowekwa na wafungwa. Aliyekuja mwaka 1960 na sanduku lake alikuta kitanda kilichotandikwa na mtu mwingine. Kwa hiyo sisemi kwamba kazi ya wafungwa haikuzaa kitu. Ilizaa, na hiyo ndiyo sababu ya kudai itambuliwe kama kazi yao, isiandikwe kama ushujaa wa wakuu wa kambi. Kombinati ilipewa jina la Avraamy Zavenyagin, aliyeiongoza kuanzia 1938 hadi 1941. Alikuwa mhandisi hodari, sibishi. Alikuwa pia mkuu wa kambi.

Wanaoulaani mji nao hukosea. Wapo wanaosema Norilsk ni kaburi tu, na anayeishi hapo anakula matunda ya damu. Maneno hayo hayamtendei haki mtu yeyote. Wengi waliofunguliwa walizuiwa kuondoka, au hawakuwa na pa kurudi. Wakaoa, wakazaa, wakabaki. Mjukuu wa mfungwa na mjukuu wa askari wake wamesoma darasa moja. Ukimwambia mtoto wa watu hao kwamba mji wake ni aibu, unamnyima kitu pekee ambacho babu yake alimwachia. Wala mshahara peke yake haukuleta upole. Viwanda vya enzi ya watu huru vilimwaga hewani karibu tani milioni 2 za gesi ya salfa kwa mwaka na kukausha misitu. Tarehe 29 Mei 2020 tangi la kituo cha umeme lilipasuka, zaidi ya tani 20,000 za dizeli zikamwagika, na mto Ambarnaya ukawa mwekundu. Kampuni inayomiliki viwanda hivyo iliamriwa na mahakama kulipa fidia ya rubli bilioni 146. Haya hayakufanywa na NKVD.

Kuhusu waliokufa, kumbukumbu za kombinati zinataja vifo 16,806 kati ya 1935 na 1956. Naichukua namba hiyo kama sakafu. Ni desturi iliyoandikwa sana ya makambi ya Kisovieti kumwachilia mgonjwa mahututi ili afe nje ya hesabu. Wengi wa waliohesabiwa walifukiwa chini ya mlima Schmidt, pembeni mwa mji, bila majina. Leo hapo pana kanisa dogo na minara ya ukumbusho waliyojenga Wapolandi na watu wa nchi za Baltiki kwa ajili ya ndugu zao. Mahali panaitwa Golgotha ya Norilsk. Jumuiya ya Memorial, iliyokusanya majina ya wafungwa kote Urusi kwa zaidi ya miaka 30, ilivunjwa kwa amri ya Mahakama Kuu ya Urusi Desemba 2021. Kwa hiyo wanaobaki na kazi ya kukumbuka ni wenyeji: jumba la makumbusho la mji, familia zenye barua za zamani, na nyumba ile ya magogo ya Urvantsev, ambayo bado imesimama. Majivu ya Urvantsev mwenyewe yalizikwa Norilsk, mji uliomfunga. Alifariki mwaka 1985.

Sidai Norilsk ibomolewe wala ibadilishe jina. Nadai kitu kidogo kuliko hicho. Mwezi Julai mji unapopandisha bendera zake kwa sherehe, na ile nyeusi yenye mstari mwekundu ipewe mlingoti wake. Siku mji unazaliwa, ilikuwa inapepea.