Simba anayekwenda na kurudi

Simba akipita kando ya uzio, hatua zilezile, akigeukia palepale, watazamaji hushangilia: "Ona, ana hasira!" Si hasira. Ni tabia ya kujirudiarudia, ileile inayomfanya tembo ayumbeyumbe, twiga alambe vyuma na sokwemtu ajing'oe manyoya.

Wanaotaka bustani za wanyama zifungwe wana hoja nzito. Mwaka 2003, Clubb na Mason walionyesha katika jarida la Nature kwamba wanyama wala nyama wanaozunguka eneo kubwa porini ndio wanaozungukazunguka zaidi vizimbani, na watoto wao hufa zaidi. Mnyama kama huyo humponyi kwa kumwongezea mita chache za uzio.

Lakini njoo Entebbe, Uganda. Kituo cha wanyama cha hapo kilianza mwaka 1952, na wanyama wengi waliopita hapo waliokolewa kwenye mitego au mikononi mwa walanguzi. Sokwemtu aliyeuliwa mama yake akiwa mchanga, utamrudisha porini kwa nani? Kisiwa cha Ngamba, ndani ya Ziwa Victoria, kilichoanza kuwapokea sokwemtu kama hao mwaka 1998, kinawapa msitu wa takribani hekta 40. Hata hivyo hawatoshwi na matunda yake, lazima walishwe. Nani atakiita hicho jela?

Kinachonisumbua ni jinsi pande zote mbili, wanaotaka bustani zifungwe na wanaozitetea, zinavyousoma mwendo huo wa kuzungukazunguka kana kwamba ni kipimajoto cha hali ya mnyama leo. Tabia hii ni kama kovu: mnyama aliyeteswa utotoni huweza kuendelea nayo hata akihamishiwa pazuri, na kituo kilichompokea kikalaumiwa kwa kosa la mwingine. Tena, kati ya wawili wanaoishi mahali pamoja pabaya, anayezunguka huenda anajitibu, na aliyejilaza kimya, yule tunayemsifu kwa upole, ndiye aliyekata tamaa. (Nimewahi kumsifu mmoja wa namna hiyo mwenyewe.)

Basi nauliza: mnyama ana kazi gani mchana kutwa? Porini wanyama wengi, kama tembo na sokwemtu, humaliza saa nyingi wakitafuta chakula na kula. Kizimbani ndoo inaletwa, dakika kumi, kwisha. Kuficha chakula kwenye magunia, magogo na matawi hupunguza tabia hii, ingawa mara nyingi haiishi kabisa. Hilo halihitaji mfadhili, linahitaji mtunzaji mwenye muda.

Yatima wa mtego nakubali awekwe, hata akizunguka. Simba anayezalishwa kizimbani ili wageni wapate kitoto cha kupiga picha, huyo hakuokolewa kutoka popote.