Msisahau wachimbaji wa Wirksworth

Makala yenu imeeleza vizuri habari za Richard Arkwright, mwenye viwanda vya kusokota pamba kwa mashine, na viwanda vya pamba vya bonde la Derwent huko Uingereza, lakini mji wa Wirksworth mmeupitia juujuu mno. Mji huu wa soko, ulioko Derbyshire, uliishi kwa kuchimba madini ya risasi karne nyingi kabla Arkwright hajafungua kiwanda chake cha Cromford mwaka 1771. Mle ndani ya kanisa la St Mary's kuna mchongo wa kale wa mchimbaji akiwa na sururu na kikapu chake. Mtu wa kazi, si mfalme wala askofu! Mimi huyo ndiye ningemweka kwenye picha ya kwanza.

Tena kuna Barmote, mahakama ya wachimbaji, ambayo hadi leo hukutana katika jengo la Moot Hall, linalohifadhi chombo cha kupimia mawe ya risasi cha mwaka 1513. Kwa sheria zao za jadi, hata fukara aliyegundua mwamba wenye risasi aliweza kudai haki ya kuuchimba, ardhi iwe ya nani, ila isiwe bustani, makaburi au barabara. Haki kama hiyo ni kubwa sana, na inauma kuona imeachwa nje ya habari.

Viwanda vya kufuma utepe navyo hamkuvitaja. Halafu hiyo pamba yenyewe ya viwandani: nyingi ililimwa na watumwa wa Kiafrika ng'ambo ya Atlantiki. Tafadhali mhariri, hilo liandikwe waziwazi kila mnapomsifu Arkwright.