Elfu mbili ya bibi haina tarehe

Ujumbe wa Inua Jamii, mpango wa serikali ya Kenya wa kuwatumia pesa wazee na wenye ulemavu, ukiingia kwenye simu ya bibi, mimi ndiye msomaji, maana macho yamemchoka. Swali lake ni lile lile: "Wameongeza?" Hawajaongeza. Ni shilingi 2,000 kwa mwezi, zile zile za 2018, wazee wote wa miaka 70 na zaidi walipoanza kulipwa. Zamani zilitosha unga, sukari, mafuta na dawa ya presha, na kitu kikabaki cha kufunga kwenye pindo la leso. Mwaka 2022 pakiti ya unga ya kilo mbili ilipita shilingi 200. Sasa mafuta ananunua ya kupima, ya hamsini hamsini, na dawa anameza leo, kesho anaruka. Jirani yetu mwenye mtoto mlemavu anapokea elfu mbili hizo hizo, na nepi za mtu mzima hazijamhurumia.

Tuseme Hazina haina pesa za kuzifanya elfu tano. Sawa. Kinachoniudhi ni kwamba serikali hii hii hesabu ya bei inaijua vizuri sana. Kila tarehe 14 EPRA, mamlaka ya nishati, hutangaza bei mpya za petroli. Oktoba 2022, KRA, mamlaka ya ushuru, ilipandisha ushuru wa bia, juisi na maji ya chupa kwa asilimia 6.3, ikisema ni kwa ajili ya mfumuko wa bei. Utaratibu huo uliondolewa na Sheria ya Fedha ya 2023. Yaani ushuru wa bia uliwahi kuwa na sheria ya kuufuatisha na bei. Bibi hajawahi.

Wamarekani nao walianzia hapa. Ida May Fuller wa Vermont, mtu wa kwanza kupokea malipo ya kila mwezi ya Social Security, pensheni ya serikali yao, alipata dola 22.54 Januari 1940, akakaa nazo hivyo hivyo, vita vikaisha, hadi Bunge lilipomkumbuka 1950. Tangu 1975 hawangoji kukumbukwa. Bei za Julai hadi Septemba hulinganishwa na za miezi hiyo ya mwaka wa mwisho uliozaa nyongeza, na asilimia inayopatikana huongezwa kwa wastaafu na wenye ulemavu. Mwaka 2023 ilikuwa 8.7, mwaka 2016, sufuri. Bei zikishuka, hakatwi mtu. Wana kasoro zao: kapu la bidhaa ambalo bei zake hupimwa ni la wafanyakazi wa mijini, wakati mzee pesa zake zinaishia kwa daktari. Lakini angalau wana kapu.

Kwetu, KNBS, shirika la takwimu la taifa, hutoa takwimu za mfumuko wa bei kila mwezi. Sheria ingesema tu kwamba kila Julai, mwaka wa fedha ukianza, elfu mbili ihesabiwe upya kwa takwimu hizo, bila kungoja mwanasiasa aje kuiahidi jukwaani. Mfumuko wa asilimia 5 ni shilingi mia moja. Mkate mmoja na chenji. Nilimwambia bibi, nikidhani atacheka.

"Mia?" akasema. "Hiyo ni dawa ya zile siku ninazoruka."