Lafudhi Haina Kosa

Juzi kwenye mkutano wa kazini, mwenzetu mmoja alieleza hoja yake polepole, kwa mpangilio mzuri. Alipomaliza, mwenyekiti akasema, "Samahani, sijakupata. Lafudhi yako nzito." Hazikupita dakika nyingi, mtu mwingine, wa rangi moja na mwenyekiti, akaileta hoja ileile karibu kwa maneno yaleyale. Ikapokelewa kwa sifa. Mwenzetu hakusema tena mpaka mkutano ulipokwisha, na mimi nimeshindwa kuliacha hili lipite.

Kila mara tunaambiwa kwamba makundi hayaelewani kwa sababu ya tofauti za utamaduni. Tofauti zipo, sikatai. Lakini mara nyingi mno mazungumzo huharibika kabla msemaji hajafungua mdomo, na anayeyaharibu ni msikilizaji.

Mwaka 1992 Donald Rubin, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Georgia nchini Marekani, alichapisha matokeo ya jaribio ambalo kila anayeongoza mikutano angepaswa kulijua. Wanafunzi walisikilizishwa mhadhara mfupi uliorekodiwa. Sauti ilikuwa moja, ya Mmarekani ambaye Kiingereza ndiyo lugha yake ya kwanza. Kilichobadilishwa ni picha ya mhadhiri: wengine walionyeshwa mwanamke Mzungu, wengine mwanamke mwenye asili ya Asia. Walioonyeshwa sura ya Kiasia walisema wamesikia lafudhi ya kigeni, na walipopimwa wakaonekana wameelewa kidogo kuliko wenzao. Lafudhi yenyewe haikuwepo kabisa. Waliisikia kwa macho.

Na hawakuwa waongo, hilo ndilo linaloniuma. Walishindwa kuelewa kwelikweli. Dhana waliyokuja nayo iliwanyima somo, kisha ikawapa na mtu wa kumlaumu. Ukimwambia mtu wa namna hiyo kwamba anabagua, atakuapia kuwa alisikiliza kwa makini, na ataamini anachokisema.

Ubaya haukomei kwenye sikio, humfikia hata anayesema. Mwaka 1974 watafiti wa saikolojia wa Marekani, Carl Word, Mark Zanna na Joel Cooper, walichapisha majaribio yao kuhusu usaili wa kazi. Wasaili Wazungu walipokutana na waombaji weusi walikaa mbali zaidi, walikosea maneno mara nyingi zaidi na walimaliza usaili mapema. Katika jaribio la pili waombaji wote walikuwa Wazungu, ila baadhi yao walisailiwa kwa ubaridi uleule, na wasaili waliofundishwa kufanya hivyo. Nao wakajieleza vibaya! Mzungu aliyetendewa kama mweusi alibabaika vilevile. Fikirieni ni watu wangapi wameandikiwa kwenye fomu kwamba hawajui kujieleza, na aliyewafunga ulimi ndiye aliyeshika kalamu.

Kwa hiyo sina subira na taasisi zinazowapeleka watu kwenye mafunzo ya kusafisha lafudhi. Nakubali, kwa shingo upande, kwamba zipo lafudhi zinazolisumbua sikio lisilozizoea. Lakini utafiti wa Clarke na Garrett wa mwaka 2004 ulionyesha kwamba msikilizaji huanza kuzoea lafudhi ya kigeni ndani ya dakika moja. Dakika moja! Msemaji anadaiwa miaka ya kujibadilisha ulimi, na msikilizaji hataki kutoa hata hiyo dakika.

Kuna na dhana zinazojifanya sifa: ninyi ni hodari wa hesabu, ninyi mna nguvu, ninyi ni wakarimu. Hizo nazo humnyamazisha mtu, maana anayejibu si yeye tena, ni kundi zima. Na sisi tunaobaguliwa tuna dhana zetu pia, hilo nalisema bila furaha.

Wapo wanaosema dawa ni kuchanganyika tu. Mwanasaikolojia wa Marekani, Gordon Allport, alikwisha kueleza mwaka 1954 kwamba kukutana peke yake hakutoshi: watu wawe na hadhi sawa pale walipo, wawe na lengo moja, washirikiane kulifikia, na wenye mamlaka wasimame upande wa jambo hilo. Mkutano wetu ulikuwa na mchanganyiko wa kutosha. Hadhi sawa ndiyo haikuwepo, na mwenye mamlaka ndiye aliyeivunja.

Ninachokitaka kinaweza kuanza kesho asubuhi. Mwenyekiti ambaye hajaelewa aseme ameelewa mpaka wapi, kisha aulize kilichobaki. Hoja ikirudiwa na mtu wa pili, iandikwe kwenye kumbukumbu kwa jina la aliyeitoa kwanza. Kwenye usaili, kila mwombaji apewe maswali yaleyale na muda uleule, hata kama msaili anaona alikwisha kumjua mtu tangu mlangoni.