Mti wa maiki wa kaboni: ujitengenezee au ubaki na mwanzi?

Maiki, kishikio chake na manyoya ya kuzuia upepo havifiki nusu kilo. Viweke kwenye ncha ya mti ulioushika mkononi, mita 3 mbele yako, juu ya vichwa vya waigizaji, na baada ya dakika kumi mabega yanawaka moto. Ndiyo maana kila tukipata kazi ya Bagamoyo au Unguja, sisi tunaorekodi sauti za filamu tunarudia swali lile lile: kwa nini tusijitengenezee mti wa nyuzi za kaboni unaoingia begini?

Hoja ya kaboni ni nzito. Kwa ujazo ule ule ni nyepesi kuliko alumini kwa karibu asilimia 40, na haipindi ovyo. Vipande vitano vya sentimita 70, vikipishana sentimita 10 kwenye kila ungio, vinakupa mita 3.1, na vikivuliwa vinalala kimoja ndani ya kingine. Mti wangu wa zamani wa alumini nimeubeba kwenye bodaboda kutoka Mwenge hadi Feri nikiwa nimeukumbatia, roho juu kwa kila gari lililotupita.

Shida iko kwenye maungio. Kipande kikicheza hata unene wa karatasi, ukigeuza mkono tu maiki inanasa "tik". Tik hiyo imewahi kunipotezea mchana mzima wa kazi. Dawa ni kuzungushia tepu nyembamba, kujaribu, kupunguza, kujaribu tena. Msasa upige kwa maji na uvae barakoa, maana vumbi la kaboni linawasha na halifai mapafuni. Ukiweka pete za alumini, zitenge na kaboni kwa tabaka la gundi ya epoksi. Zikigusana kwenye unyevu wa chumvi kama wa huku kwetu, alumini inaliwa.

Wanaotetea mwanzi siwapuuzi. Ni rahisi kupatikana, na kwa studio ya Sinza isiyohama sioni haja ya kaboni. Ila mwanzi mzima haukunjiki.

Kinachonitisha kuliko gharama ni kwamba kaboni inapitisha umeme. Uingereza wavuvi wamekufa baada ya fimbo zao za kaboni kugusa nyaya, na vichochoro vya Manzese nyaya zimeshuka. Kwa safari bado nachagua kaboni. Mpira niliouvisha mshikoni ni wa jasho tu, hauzuii umeme, kwa hiyo kabla ya kuchomeka kipande cha pili natazama juu kwanza.